Uzi maalumu: Blanketi la viraka vya vitenge, na namna ya kuweka sawa kona yako ya cherehani

#1 Mwenye uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha ushonaji nyumbani, na kuna jambo nimeliona kwa wanafunzi wengi. Mtu anaona picha ya blanketi la viraka limetandikwa kitandani, linavutia, naye anatoa mfuko wake wa mabaki ya vitenge, anaumwaga sakafuni, anavigeuzageuza vipande jioni nzima, kisha anaurudisha uvunguni. Cherehani anayo, nia anayo. Kinachomshinda ni ule mfuko. Blanketi hushonwa kwa vipande vilivyokwisha kukatwa, kupigwa pasi na kuhesabiwa. Kwa hiyo nitaanza na kona ya kazi, blanketi litafuata.

Mabaki kwanza. Mafundi wa mtaani huwa nayo mengi, na ukiomba kwa heshima, tena ukaenda na mfuko wako mwenyewe, ni wachache watakaokunyima. Yakifika nyumbani usiyaweke kando hata siku moja. Toa yenye utelezi na ya kuvutika. Ukishindwa kutambua pamba, chomoa nyuzi mbili tatu, zichome kwa kiberiti nje, juu ya bakuli la maji. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kitonge kigumu. Blanketi lenye vyote viwili linakusumbua kwenye pasi, kwa sababu joto linalonyoosha pamba ndilo linaloharibu poliesta.

Halafu fua, piga pasi, kata. Mimi nina vipimo viwili tu: miraba ya inchi 5 na nusu, na mistari ya upana wa inchi 2 na nusu. Kisichotosha hapo kinaingia mfuko wa kujazia mito. Sipangi kwa rangi. Rangi utaichagua utakapotandaza vipande sakafuni, lakini ukubwa ukitofautiana hutafika hatua hiyo.

Vyombo vya kuwekea havihitaji pesa. Ndoo za rangi ya ukuta zenye mifuniko, zikioshwa vizuri na kukaushwa, zinazuia panya na vumbi. Bandika kwa nje kipande kimoja cha mfano ili usifungue kila ndoo ukitafuta. Bobini (vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini wa cherehani) na vifungo nimeviweka kwenye trei za plastiki za mayai. Bobini ikifunguka uzi, kata pete nyembamba ya paipu laini ya plastiki, ipasue upande mmoja, ivalishe bobini, haitafunguka tena. Nyuzi kubwa zinakaa kwenye ubao wenye misumari iliyolala kidogo kwenda juu. Mliopanga chumba na mwenye nyumba hataki misumari ukutani, ubao huo unaegemezwa tu nyuma ya mlango.

Spika ya redio ikifa, chukua sumaku yake. Ifunge kwenye kitambaa, ifunge kamba, ipitishe sakafuni kila unapomaliza kazi. Nyumba yenye mtoto anayetambaa hili si la hiari. Pini na sindano zote zitanasa kwenye kitambaa, ukikifungua zinadondoka mahali ulipotaka. Sindano zilizovunjika na viwembe vya kufumulia zina chupa yao ya plastiki yenye kifuniko. Ikijaa, izungushie utepe wa gundi ndipo uitupe, maana kuna watu wanaookota chupa majalalani kwa mikono mitupu.

Na pumba za uzi ndani ya cherehani zitoe kwa mswaki mkavu. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na unyevu ule unabaki kwenye chuma chini ya bamba, mahali usipopaona, unaleta kutu.

Nikipata nafasi naendelea na kukata na kuunga. Maswali yanakaribishwa.

#2 Mdau wa Tanga

Asante sana mkuu. Hebu tupigie hesabu. Kitanda changu ni futi 5 kwa 6. Nahitaji vipande vingapi, na nikitaka kununua kitenge kipya niongeze yadi ngapi?

#3 Mwenye uzi

Swali zuri, na hesabu hii fanyeni kabla ya kugusa mkasi.

Futi 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Blanketi liachie inchi chache za kuning'inia, tuseme 70 kwa 80. Mraba wa inchi 5 na nusu ukishaungwa pande zote unabaki inchi 5, kwa sababu kila upande umekula robo inchi. Basi upana unataka miraba 14, urefu 16. Jumla miraba 224.

Kitenge kina upana wa inchi 44 hadi 46 hivi. Ukiondoa ukingo wenye maandishi, weka miraba 7 kwa upana. Yadi moja ni inchi 36, inakupa safu 6. Hiyo ni miraba 42 kwa yadi. Miraba 224 ni yadi 5 na kitu, kwa hiyo kitenge kimoja cha yadi 6 kinatosha sehemu yote ya juu. Lakini usinunue kitenge kipya kwa kazi hii yote. Nunua yadi 2 za rangi moja iliyotulia, nyeusi, buluu iliyokolea au krimu, uichanganye na mabaki yako. Vitenge vina michoro mikubwa yenye kelele, na jicho linahitaji mahali pa kupumzika.

Sasa ile robo inchi. Hapa ndipo mablanketi mengi yanapindia. Ukizidisha kidogo tu, unusu wa thumuni ya inchi kila upande, kila muungo umekula thumuni zaidi. Miraba 14 ina miungo 13. Mwisho wa safu umepungukiwa inchi moja na nusu na ushee, na safu ya pili uliyoishona asubuhi ukiwa na nguvu iko sawa. Haziwezi kukutana. Dawa yake: weka rula chini ya sindano, shusha sindano polepole hadi iguse alama ya robo inchi, na pale rula inapoishia upande wa kulia, bandika tabaka kadhaa za plasta ya kidonda kwenye bamba la cherehani. Unapata kaukuta kadogo. Kitambaa kinateleza kikigusa kaukuta hako, na jicho lako litazame hapo, si kwenye sindano.

Kukata bila kisu cha gurudumu inawezekana vizuri kabisa. Chonga kiolezo cha kadi ngumu, ya boksi la viatu, na nyuma yake gundisha msasa laini. Msasa unashika kitambaa, kiolezo hakitembei. Kwa vitambaa vyeusi chora kwa kipande chembamba cha sabuni ya mche iliyokauka. Vyeupe tumia penseli kwa mkono mwepesi. Zile kalamu ambazo wino wake unapotea kwa pasi sizipendekezi kwa blanketi, kwa sababu baridi inaweza kurudisha mstari.

#4 Mdau wa Njombe

Hiyo ya baridi ni kweli, na sisi huku baridi tunayo ya kutosha.

Naomba kuongeza, mkuu. Vitambaa laini vinavyokimbiakimbia kwenye mkasi mimi navitia wanga. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwa lita moja ya maji, unakoroga kwanza kwa maji baridi, unapika hadi uwe uji mwepesi sana, unachuja kwa kitambaa. Ukipoa nyunyizia, piga pasi. Kitambaa kinasimama kama karatasi na kona zinakatika kali.

#5 Mwenye uzi

Umesaidia sana, na nasisitiza jambo moja juu yake: tia wanga siku unayokata na kuunga. Usiweke kwenye ndoo miezi mingi vitambaa vyenye wanga, kwa sababu wadudu wanaula wanga wenyewe na kutoboa nguo. Ndiyo maana mabaki yangu yanaingia kwenye ndoo yakiwa yamefuliwa tu. Na blanketi likikamilika lifuliwe kabla ya kuhifadhiwa.

#6 Mdau wa Kisumu

Kuhusu kufua, vitenge vyekundu vinatoa rangi. Mama yangu hutia chumvi na siki ili rangi ishike. Je, inafaa?

#7 Mwenye uzi

Namheshimu mama, na najua njia hiyo inarithishwa kwenye nyumba nyingi, lakini kwa kitenge cha kununua haifanyi kazi. Siki ina nafasi yake katika kutia rangi sufu na hariri. Pamba iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani haishikwi na siki wala chumvi ya jikoni. Rangi inayotoka ni ile iliyozidi, ambayo haikuwahi kujifunga na uzi, na tiba yake ni kuitoa yote. Fua peke yake, maji mengi ya moto kiasi, sabuni, badilisha maji hadi yatoke meupe. Usikiache kitenge kimelundikana kikiwa kibichi.

Kisha pima. Lowanisha kipande cha shuka jeupe, kiweke juu ya kitenge, kandamiza kwa pasi ya moto. Kikitoka cheupe, endelea. Kikitoka na wekundu, fua tena. Na kitenge kikikataa katakata, kifanye mkoba. Usikubali kiraka kimoja kiharibu kazi ya miezi.

#8 Mdau wa Mombasa

Dada, nimeufurahia uzi huu. Hapa kwetu pwani adui ni kutu. Pini ukizisahau wiki mbili tatu zimekuwa kahawia, na pini yenye kutu ikilala kwenye kitambaa inaacha doa lisilotoka. Mimi kimto changu cha pini nimekijaza vipande vya sweta kuukuu la sufu halisi, na pini zinanikalia vizuri kuliko zilipokuwa kwenye pamba.

Lakini nililotaka kuwaambia ni jingine. India, jimbo la Karnataka, kuna Wasidi, watu ambao mababu zao walichukuliwa kutoka Afrika, wengi wao kupitia Goa. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi. Hawaungi sehemu ya juu kwanza. Hutandika sari kuukuu, hukunja ukingo wake ndani, huanza kona moja kuweka viraka na kuvishona papo hapo kwa mkono, mshono wa bandi, yaani ule wa kuingiza na kutoa sindano kwa mstari, wakizunguka pembeni na kuingia ndani, mzunguko kwa mzunguko hadi wakutane katikati. Kwenye pembe nne huweka vijipande vilivyokunjwa pembetatu, huviita phula, yaani maua. Asiye na cherehani wala pasi ya umeme anaweza kuanza leo kwa njia hiyo. Nimeijaribu kwa leso kuukuu chini na mabaki ya vitenge juu, imetoka nzuri ajabu, nyepesi, inafaa joto letu.

#9 Mwenye uzi

Dada wa Mombasa, umeupa uzi huu kitu kikubwa. Ukiangalia kawandi kwa jicho la fundi, utaona njia hiyo inafuta kazi tatu kwa mpigo: hakuna kuunga kando, hakuna kupiga bandi ya kushikiza matabaka, hakuna mkanda wa pindo. Ukingo umeshakunjwa tangu mwanzo. Na haitaki meza. Unakaa mkekani, blanketi liko mapajani. Kwa wenye chumba kimoja sijui njia bora kuliko hiyo. Subana tu, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, msisahau kwenye kidole cha kati.

#10 Mdau aliye Marekani

Niko Georgia. Jirani zetu hapa, Alabama, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend. Wanawake Weusi wa pale wameshona mablanketi kwa vizazi, kutokana na jinzi na nguo za shambani zilizochakaa. Mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa Houston, zikaenda hadi jumba la makumbusho la Whitney, New York, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ilizitoa kwenye stempu. Mengi ya mablanketi yale mistari yake imepinda, vipande havilingani, na ndiyo uzuri wake. Kwa hiyo mkuu, naona robo inchi yako umeikazia sana.

#11 Mwenye uzi

Nimekuelewa, na kazi za Gee's Bend nazipenda mno. Lakini tazama zimejengwaje: nyingi ni mistari mirefu na vipande vikubwa, na mshonaji hupunguza au huongeza ukingo kila anapoendelea. Huyo ana macho na mikono ya miaka mingi. Anayeanza na miraba 224 inayotakiwa kukutana kwenye kona hana pa kujificha. Anayetaka uhuru huo namshauri aanze na mistari ya jinzi za mitumba. Miguu ya suruali inatoa vipande virefu, na mshono wa pembeni ule mnene utupwe, usijaribu kuupitisha chini ya sindano. Kwa jinzi weka sindano namba 16. Kwa vitenge namba 14, au 12 kama kitambaa ni chepesi. Na sindano ibadilishwe baada ya saa nane hivi za kushona. Ukisikia inagonga kitambaa kwa mlio, imekwisha kuwa butu.

Naunganisha hapa hatua ya kuunga. Usikate uzi kila baada ya vipande viwili. Lisha jozi moja, ikimalizika lisha nyingine nyuma yake bila kuinua mguu wa cherehani unaobana kitambaa, hadi upate mlolongo. Unaokoa uzi mwingi, na vipande havipotei kwa kuwa vimeshikana. Kisha kata mlolongo, piga pasi. Safu ya kwanza miungo ilale kulia, ya pili ilale kushoto. Zikikutana zinabanana na kona inakaa yenyewe. Umeme ukikatika, laza muungo kwa mgongo wa kijiko cha chuma kwenye ubao mgumu. Wenye pasi ya mkaa, weka kitambaa cheupe juu kwanza, cheche moja inatosha kuharibu.

#12 Mdau wa Bukoba

Mkuu mimi nina cherehani ya miguu, Butterfly ya zamani. Inashona matabaka matatu kweli? Na katikati tuweke nini? Ile pamba maalumu huku haipatikani.

#13 Mwenye uzi

Inashona, tena vizuri kuliko nyingi ndogo za plastiki. Kwa mwendo wa mguu unaongoza kila mshono.

Katikati weka blanketi jepesi la mitumba au shuka nene la flaneli. Lisiwe na mabonge, lifuliwe kwanza. Sponji usiweke, kufua kunakuwa mateso. Chini weka shuka la mitumba, ni pana, halihitaji kuungwa.

Kushikiza matabaka: fagia sakafu ya vigae au saruji laini, tandaza shuka la chini, uso mzuri ukitazama sakafu, livute hadi likae bila mikunjo na ulibandike pembeni kwa utepe wa gundi wa karatasi. Juu yake blanketi, kisha viraka. Shikiza kwa pini za nepi, ukianzia katikati kwenda nje, umbali wa kiganja kati ya pini na pini. Zifunge kwa ncha ya kijiko cha chai, vidole vitakushukuru. Ukikosa pini, piga bandi ndefu kwa uzi wa rangi tofauti.

Kwenye cherehani legeza ile skrubu ya juu inayobana mguu, maana ikibana sana tabaka la chini linavutwa na meno ya cherehani na la juu linabaki, unapata makunyanzi. Refusha mshono, minane kwa inchi inatosha. Kunja pande mbili za blanketi kuelekea katikati na anza mstari wa katikati kabisa. Weka kiti au meza nyingine upande wa kushoto ibebe uzito. Blanketi likining'inia linavuta sindano, na sindano inavunjika. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Zinashika kitambaa bila wewe kukikandamiza, mabega hayachoki.

Mkanda wa pindo ukate upana wa inchi 2 na nusu, ukunjwe katikati. Badala ya pini tumia vibanio vya kuanikia nguo, havichomi na huwezi kushonea kimoja ndani.

#14 Mdau wa Tanga

Nimekata miraba 60 tangu jana. Swali la mwisho: likiisha, nalifua vipi?

#15 Mwenye uzi

Hongera sana, endelea vivyo hivyo.

Maji baridi, sabuni kidogo, na tia shuka kuukuu jeupe humo humo likuonyeshe kama kuna rangi inayotembea. Usilikamue kwa kulisokota. Lilaze kwenye beseni lililoinamishwa, likandamize maji yatoke. Usilianike kwa kulishika ukingo mmoja, likiwa bichi ni zito na miungo inavutika. Lipitishe juu ya kamba mbili au tatu zilizo karibu, upande wa viraka ukitazama chini ili jua lisifubaze rangi. Ligeuze mara moja kabla halijakauka. Ukiwa tayari na miraba yote 224 rudi hapa na picha ya mpangilio kabla hujaanza kuunga, tuitazame pamoja.